Fleti ya Bondeni, ploti ya Bahati au nyumba ya Lurambi: ipi itavuka Januari?

Shemeji yangu hutengeneza pikipiki karibu na steji ya Kaptembwo, hapa Nakuru. Dada yangu hupika chapati na maharagwe mlangoni pa chumba wanachopanga. Watoto ni watatu. Mwezi mzuri wote wawili huingiza 38,000. Januari iliyopita waliambulia 19,000, kwa sababu wenye bodaboda nao walikuwa wanalipa karo na hakuna aliyebadilisha hata tairi.

Juzi walikuja kwangu na bahasha. Ndani mlikuwa na picha ya fleti za mpango wa serikali wa nyumba za bei nafuu zilizojengwa Bondeni, papa hapa mjini, tangazo la ploti ya futi hamsini kwa mia upande wa Bahati kupitia sacco, na makadirio ya fundi wa Lurambi, Kakamega, ya kujenga kwenye kipande ambacho shemeji alikatiwa na baba yake.

"Shemeji, wewe ni mtu wa hesabu," akasema. "Tuchukue ipi?"

Karibu kila anayeulizwa swali hili hukimbilia bei. Mimi nilianza na ile Januari. Njia zote tatu zinalipika katika mwezi wa 38,000. Zinaachana pale pesa inapokatika: nani atakuja kukudai, atachukua nini, na wewe utakuwa umelala wapi usiku huo.

Fleti

Kwanza tuitoe njiani kelele ya tozo ya nyumba. Ile asilimia 1.5 inayokatwa kwenye mshahara, na mwajiri akaongeza yake asilimia 1.5, haimpi mtu nyumba. Mwalimu wa mshahara wa 40,000 anakatwa 600 kila mwezi na bado inabidi ajisajili Boma Yangu, mfumo wa serikali wa kuombea nyumba hizi, aweke amana na asubiri mgao kama mtu mwingine yeyote. Wa juakali naye hafungiwi mlango: kitambulisho, PIN ya KRA na simu ndogo ya kubofya *832# vinatosha kujisajili.

Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024 inawapanga watu kwa kipato. Aliye chini ya 20,000 kwa mwezi anaingia nyumba za kijamii. Kuanzia hapo hadi 149,000 ni nyumba za bei nafuu, na juu ya hapo ni za tabaka la kati. Riba inapanda kwa ngazi hizo hizo: asilimia 3, 6 na 9. Amana iliyowekwa na sheria hiyo ya 2024 ni asilimia 10 ya bei.

Sasa tazama riba inavyofanya kazi, maana hapa ndipo mpango wenyewe ulipo. Bedsita za kijamii za Mukuru, Nairobi, ziliuzwa 640,000. Ukitoa amana ya 64,000 na kulipa salio kwa asilimia 3 miaka 30, unafika kama 2,430 kwa mwezi, kisha uongeze ada ya huduma ya jengo. Kuna vyumba vya mabati Kaptembwo vinavyokula pesa zaidi ya hiyo, na choo kinatumiwa na milango kumi.

Chukua sasa nyumba ya vyumba viwili vya kulala, tuseme ya 2,000,000. Amana ni 200,000. Salio la 1,800,000 kwa asilimia 6 na miaka 30 linadai kama 10,800 kila mwezi. Peleka deni hilo hilo kwenye benki inayotoza asilimia 15, miaka 20, na utadaiwa 23,700. Hata ukipata mkopo wa asilimia 9.5, wa aina ile ambayo KMRC, kampuni inayozipa benki na sacco pesa za mikopo ya nyumba, huziwezesha kuutoa, kwa miaka 20 utalipa kama 16,800. Mawe ni yale yale na simiti ni ile ile. Serikali haijapata njia ya kujenga kwa bei ya karanga. Imenunua muda na riba. (Na muda una gharama yake. Zidisha 10,800 kwa miezi 360 uone. Ni karibu 3,900,000 kwa nyumba ya milioni mbili.)

Hata hivyo mimi siidharau fleti. Dada yangu amehama mara nne tangu kifungua mimba aanze shule. Mara moja mwenye ploti alipandisha kodi, mara nyingine alitaka kubomoa ajenge ghorofa. Kila wakihama, mtoto mmoja anabadilisha shule, deni la sare linaanza upya, na wateja wa chapati wanabaki mtaa ule mwingine. Malipo yasiyopanda kwa miaka 30 ni kitu ambacho mpangaji hajawahi kukionja. Hiyo 10,800 inayokukaba leo, mtoto akifika kidato cha nne huenda ikawa kodi ya chumba kimoja.

Lakini tuirudie Januari. 19,000 ukitoa 10,800 zinabaki 8,200 za watu watano: chakula, stima, maji na shule. Haiwezekani. Na ile bedsita ya 2,430 hawaifikii pia, kwa sababu wastani wao wa mwezi ni kama 28,000, wameshavuka mstari wa 20,000. Hata wangeipata, mita 20 za mraba kwa watu watano ni kubadilishana zamu ya kulala. Watu wa namna hii ni wengi sana mjini: kwa karatasi wako juu ya maskini, ila miezi miwili kwa mwaka ni maskini kabisa.

Kwa mwalimu, muuguzi au askari kanjo wa kaunti hesabu inageuka. Mwezi wao mbaya hauna tofauti na mwezi wao mzuri. Payslip ni ile ile. Mtu kama huyo akipata mgao Bondeni, au katika miradi ya Kisumu iliyo kwenye ardhi ya mtaa wa zamani kama Lumumba na Makasembo, mimi ningemwambia achukue asiangalie nyuma. Asiandike sahihi tu kabla hajasoma kifungu kinachosema yatakayompata akikosa kulipa miezi mitatu mfululizo.

Mlango wa chapati

Kuna jambo ambalo karatasi ya fleti haikulitaja. Chumba cha dada yangu ni nyumba na pia ni hoteli. Jiko la makaa liko mlangoni, benchi liko ukutani, na wateja ni majirani wanaokula kwa deni hadi mwisho wa wiki. Mhamishie ghorofa ya nne. Jiko la makaa haliruhusiwi kwenye korido, na hakuna atakayepanda ngazi kufuata chapati mbili.

Haya si mawazo yangu tu. Mwaka 1987, katika mji wa Ahmedabad, India, nyumba zilitolewa kwa bahati nasibu kwa wanawake wa kipato kidogo waliokuwa wakifanya kazi nyumbani, kusokota sigara za bidi na kutengeneza ubani. Nyumba zilikuwa bora kuliko walikotoka, ila zilikuwa kama kilomita 12 kutoka katikati ya mji. Watafiti waliwafuatilia baada ya miaka 14. Asilimia 34 ya walioshinda hawakuhamia kamwe, na asilimia 32 walihamia kisha wakaondoka. Kipato chao hakikuwa kimezidi cha walioshindwa. Walikuwa wamepoteza watu: wa kumwazima chumvi, wa kumwachia mtoto, wa kumkopesha siku ya msiba.

Bondeni ina nafuu hapo, kwa sababu nyumba zake 605 zimekaa mjini kabisa, mwendo wa miguu kutoka sokoni. Anayeuza mitumba mjini atashukuru. Muuza chapati wa Kaptembwo ataanza sifuri. Kabla ya kulinganisha bei, basi, hesabu ni shilingi ngapi za familia zinazopatikana kwa sababu ya mahali mnapolala. Kwa dada yangu ni kama nusu.

Ploti

Ploti ndiyo inayopendwa na kila mtu Nakuru, na ndiyo iliyoumiza watu wengi zaidi. Mimi mmoja wao, nitafika huko.

Sacco nyingi hukopesha mara tatu ya akiba. Wawili hawa wana 100,000, kwa hiyo wanaweza kupata 300,000, ambayo ndiyo bei iliyoandikwa kwenye tangazo lao. Riba ya asilimia 1 kwa mwezi kwa salio linalopungua, miezi 48, inakuja 7,900 kila mwezi. Shemeji alitabasamu alipoisikia. Nikamwomba aongeze kodi ya chumba, 3,500, kwa maana wakati analipia ploti bado analala Kaptembwo. Ikawa 11,400.

Akanyamaza. Ploti ya "bei rahisi" ilikuwa inamdai kila mwezi zaidi ya fleti ya vyumba viwili vya kulala, miaka minne mizima, na mwisho wake ana majani na vigingi vinne. Ile 100,000 nayo haigusiki mpaka deni liishe, kwa kuwa ndiyo dhamana. Januari ikifika na akose, sacco haitaishia kwake. Ikimaliza akiba yake itakata za wadhamini wake, yaani mafundi wawili anaoshiriki nao spana.

Kwa hiyo ploti ni mbaya? Hapana. Kukopa kununua udongo mtupu ndiko kubaya. Ugeuze mpangilio: weka akiba mpaka ununue ploti taslimu, hata kama ni ndogo au mbali kidogo, kisha ukope kidogo kidogo kwa ajili ya kitu chenye paa. Mkopo unaoezeka mabati unafuta kodi siku mnayohamia. Mkopo wa udongo haufuti chochote.

Na hapa ploti inaishinda fleti kwa jambo moja ambalo hakuna afisa wa mauzo atakueleza: unaweza kusimama. Mwaka huu msingi na vyumba viwili hadi kwenye lenta. Januari ikikaba, mnafunika kuta na nailoni, fundi anaenda zake, na ukuta haukudai riba. Juni mnaendelea. Matofali ya kufungamana, yale ya murram na simiti kidogo yanayoshindiliwa kwa mashine bila kuchomwa, yanapunguza simiti ya kuunganishia. Vyama vya kuweka akiba vinaweza pia kujiunga kuwa ushirika wa nyumba. NACHU, muungano wa ushirika wa namna hiyo, umekuwepo tangu 1979 na huwakopesha wanachama wake kwa ujenzi wa hatua hizo hizo.

Kama pesa ni ya kitu kimoja tu, anzeni na sakafu. Nchini Mexico, jimbo la Coahuila, serikali ilimwaga saruji kwenye sakafu za udongo za familia maskini katika mradi ulioitwa Piso Firme. Minyoo, kuhara na upungufu wa damu kwa watoto vilipungua, na akina mama walisema wazi kwamba wanaridhika zaidi na maisha. Kuta zilikuwa zile zile. Nilimwambia dada haya akacheka, kwa sababu amesiriba sakafu ya nyumba ya mama mkwe kwa kinyesi cha ng'ombe miaka yote na anajua magoti yanavyouma.

Chumba cha pili mnampangisha mtu. Jiko la chapati linakaa getini na hakuna wa kuuliza.

Sasa maumivu. Miaka kadhaa iliyopita nililipia ploti kwa kampuni moja ambayo sitaitaja, nikapewa cheti cha hisa chenye muhuri mzuri. Nilipoenda kuweka ua nikakuta mama mmoja anapalilia mahindi. Naye alikuwa na cheti, muhuri ule ule, namba ile ile. Ningepaswa kujua. Nakuru ina historia ndefu ya kampuni za kununua ardhi tangu miaka ya 1960 na 1970, zilizonunua mashamba ya walowezi kwa niaba ya wanahisa, na wengine walizeeka na cheti cha hisa bila hatimiliki. Cheti cha hisa si ardhi. Pekueni hatimiliki kwenye ofisi ya ardhi kabla ya kutoa hata shilingi ya kumshika mtu mkono. Kama ardhi bado ni ya kilimo, idhini ya bodi ya ardhi iombwe ndani ya miezi sita tangu mkataba, la sivyo mkataba unakufa.

Udongo nao unataka kupekuliwa. Nakuru hupasuka: mvua kubwa zikinyesha, nyufa hufunguka ardhini na nyumba hugawanyika, na wa upande wa Kaptembwo na Rhonda wanalijua hilo. Ziwa limepanda miaka ya karibuni likafunika nyumba za watu Mwariki. Maji ya visima vingi yana floraidi nyingi. Ukitaka kuhakikisha, tazama meno ya watoto wa mtaa huo. Kisumu shida ni nyingine: udongo mweusi wa mfinyanzi upande wa Kano hunywa msingi, na ploti ya bei ya chini inarudishia tofauti yote kwenye mawe na nondo. Tembelea ploti mvua ikinyesha. Anayeiuza atataka uende Februari.

Lurambi

Hii ni rahisi kuliko zote, na ndiyo shemeji aliyoitaka moyoni. Ardhi ni ya bure. Matofali yanachomwa pale pale. Mwanamume wa Magharibi akifa hana nyumba nyumbani, jeneza litalala wapi? Simbezi nikisema hivyo, nami nimejenga.

Lakini nilimuuliza nani atalala humo mwaka huu. Hakuna. Watoto watabaki Kaptembwo, choo cha milango kumi kitabaki, kodi itabaki. Nyumba ya Lurambi inabadilisha uzee na matanga. Utoto wa hawa watatu haiugusi. Isitoshe hatimiliki bado ina jina la babu, aliyefariki bila urithi kufunguliwa mahakamani, na ndugu wa kiume ni watano. Nyumba ya mawe juu ya ardhi ya jina la marehemu ni mali ya shemeji mradi ndugu wanapatana.

Na dada yangu, mali yake hapo ni ipi? Hapo mezani palitulia kidogo. Katiba ya 2010 na Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 zinamlinda, ila ulinzi huo unaanza na karatasi inayoonyesha kuna mali. Kwa jina la babu hakuna cha kuonyesha. Nikawaambia fungueni urithi kwanza, hata kabla ya tofali la kwanza. Gharama ya wakili ni ndogo kuliko ya kubomoa.

Majina na kuuza

Kwenye fleti au ploti, andikeni majina mawili. Sheria inadai idhini ya mwenzi kabla ya nyumba ya ndoa kuuzwa au kuwekwa rehani, lakini jina lililoandikwa halihitaji kwenda kutafutiwa shahidi.

Msitarajie pia kwamba hatimiliki italeta benki mlangoni. Kwenye viunga vya Buenos Aires, Argentina, majirani waliovamia ardhi pamoja mwaka 1981 walitofautiana kwa bahati tu: baadhi walipata hatimiliki, wengine wakakosa kwa sababu mwenye kipande chao aligoma mahakamani. Waliopata waliboresha nyumba zao na watoto wao walisoma zaidi. Mikopo haikuongezeka kwa kiasi cha kujivunia. Faida ilitokana na kulala bila wasiwasi.

Kuhusu kuuza, fleti ya mpango haiuzwi bila idhini ya maandishi ya Bodi ya Nyumba za Bei Nafuu. Wengi wanalalamikia hilo; mimi naliona lina mantiki, kwa maana nyumba ya bei nafuu isiyo na kizuizi hununuliwa na mwenye pesa ndani ya miaka miwili. Voi walilitatua kwa njia yao katika mtaa wa Tanzania-Bondeni mwanzoni mwa miaka ya 1990: ardhi ni ya jamii yote na haiuzwi, nyumba ni ya familia. Ila kama mpango wenu ni kuuza mtoto akifika chuo, ploti ndiyo inayowafaa. Fleti itawafunga.

Walichoamua

Tulimaliza saa nne usiku. Boma Yangu wamejisajili kwa jina la dada, kwa sababu kujisajili si deni, na shemeji akipata kazi ya mshahara siku moja wataikuta foleni imesogea. Lurambi imesimama mpaka urithi ufunguliwe. Shemeji atampigia kaka mkubwa. Mkopo wa 300,000 wameuacha. Ile 3,000 hadi 4,000 inayobaki miezi mizuri inaingia sacco mpaka ifike ya kununua nusu ya kile kiploti, kwa kushirikiana na fundi mwenzake mmoja, hatimiliki igawanywe siku ya kununua na si baadaye.

"Na jiko langu?" dada akauliza akiwa ameshika mlango.

Shemeji akamwambia litakuwa upande wa barabara. Jumamosi tunaenda Bahati, mvua imenyesha wiki nzima. Dada atabeba chupa ya kuchotea maji ya kisima cha jirani.